Mlima wa chinchila si mlima wa Kibosho

"Daktari, habari za kazi. Naishi Pasua, hapa Moshi. Familia ya wageni niliyokuwa nikiwafanyia kazi walirudi kwao mwezi wa kumi na mbili wakaniachia chinchila wao, kale kamnyama ka jamii ya panya kenye manyoya mengi laini, dume wa miaka minne. Mwanangu anampenda kupita kiasi. Tangu Januari, ikifika mchana masikio yake yanakuwa mekundu na analala ubavu ndani ya kizimba. Nilidhani ni uchafu na joto, nikamwogesha kwa maji na sabuni ya mtoto. Manyoya yamegandana hadi leo, yana harufu, na nilipomshika nimkaushe aliniachia fungu zima la manyoya mkononi, nikalia. Jirani anayefuga simbilisi akanishauri nimpe kabichi, matembele na ndizi mbivu apate maji mwilini. Anavila kwa furaha lakini sasa kinyesi ni laini. Meno yake ni ya njano, sijui ni ugonjwa au alikuwa hapigwi mswaki. Mume wangu anasema huyu ni mnyama wa mlimani, tumpeleke kwa mama mkwe Kibosho kwenye baridi. Tumpeleke?"

Dada yangu, pole sana, na usijilaumu. Kabla hujasoma aya ya pili, fanya mambo mawili. Kizimba kitoe kwenye chumba cha bati na mbali na dirisha linalopigwa jua, kiweke sakafuni kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vyote hapo nyumbani, na ndani yake weka kipande cha kigae au marumaru alalie. Halafu kabichi, matembele na ndizi viishie leo. Masikio mekundu na kulala ubavu mchana si uvivu wala uchafu. Joto limemzidi. Ukimkuta anahema mdomo wazi, anatoa udenda au amelegea, chovya kitambaa kwenye maji ya kawaida, si ya barafu, umfute masikio na nyayo, na safari ya kwa daktari ianze saa hiyohiyo. Usimzamishe majini. Hayo yakishafanyika, mengine tunaweza kuyazungumza tumekaa.

Nakazia kwa sababu nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Mimi ni daktari wa mifugo Arusha. Siku zangu nyingi ni ng'ombe wa maziwa, mbuzi, na mbwa wa kulinda nyumba. Chinchila wa kwanza kuletwa mezani kwangu alikuja saa nane mchana, mwezi Februari, ndani ya kapu, amefunikwa khanga mbili. Walimhurumia: mnyama mwenye manyoya laini namna ile, asije akapigwa na upepo njiani. Nilipofunua, masikio yalikuwa mekundu kama pilipili iliyoiva, mishipa imesimama, mate yamelowesha kidevu. Nami nikashika kipimajoto nikaanza kutafuta homa, nikawaza maambukizi, nikageukia kabati kuchagua dawa. Alikata roho nikiwa nimewapa mgongo. Hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa na joto tu, na daktari asiyejua kuyasoma masikio.

Masikio yale makubwa ndiyo dirisha lake. Chinchila hatoi jasho kama sisi, wala hajui kuhema kama mbwa akapoa. Mwili mzima umo ndani ya blanketi lisilovuliwa, kwa hiyo damu ya moto hupelekwa masikioni, penye ngozi nyembamba, ipoe hapo. Ndiyo maana hata feni haimsaidii kiasi unachodhani: feni hutupoza sisi kwa kukausha jasho, na yeye jasho hana. Nyuzi 10 hadi 20 ndizo anazozifurahia, 25 anavumilia, na ikifika 27 au 28, hasa hewa ikiwa na unyevu, maisha yake yako hatarini. Moshi mwezi Januari na Februari mchana hupita 30 bila kuomba ruhusa, na chini ya bati lisilo na dari hali ni mbaya zaidi.

Sasa tuje kwenye hoja ya shemeji, kwa sababu nusu yake ni kweli, na ni hiyo nusu inayopoteza watu.

Chinchila ni wa Amerika Kusini, kwenye safu ya Andes na vilima vilivyo kati ya safu hiyo na bahari. Wako wa aina mbili. Wenye mkia mfupi huishi juu sana, mita 3,000 na kuendelea. Wenye mkia mrefu, ambao ndio asili ya huyu wako, porini wamebaki Chile tu, na kundi linalojulikana zaidi liko karibu na mji wa Illapel, ambako serikali iliwatengea hifadhi mwaka 1983. Hapo ndipo shemeji atashangaa: hao wa mkia mrefu waliobaki wanakaa kwenye vilima vya mita 400 hadi 1,650 hivi juu ya usawa wa bahari. Moshi mjini, kwenye mita 800 na kitu, ingeingia humo bila shida, na hata Arusha yenye mita 1,400. Kwa hiyo siri ya mnyama huyu haiko kwenye urefu wa mlima.

Siri ni ukavu, na ufa wa mwamba. Illapel hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka mzima. Ni nchi ya mawe, dungusi na vichaka vya miiba. Ukitaka kuipiga picha kichwani, fikiria vilima vya Longido kabla hujafikiria Machame, kisha uongeze usiku wa baridi. Mchana jua likichoma, chinchila yuko ndani kabisa ya ufa, amejibana kwenye jiwe lililobaki na ubaridi wa usiku. Jua likizama ndipo anatoka kutafuta chakula, anaruka mwamba hadi mwamba, huku mbweha na bundi wakimvizia. Hakutani na jua la saa nane, si kwa sababu kwao halipo, bali kwa sababu ana pa kujificha. Kipande cha marumaru nilichokuambia uweke ndani ya kizimba ndiyo mwamba wake, na kiboksi cha mbao chenye mlango mdogo ndiyo ufa wake. Mchana mwache alale humo. Mwanao acheze naye baada ya magharibi.

Yale manyoya yaliyobaki mkononi mwako nayo yametoka kwenye hadithi hiyohiyo. Bundi akimkamata, chinchila huachia fungu la manyoya, adui abaki na pamba na yeye aingie ufani. Hukumchuna. Ulimshika kwa nguvu akiwa na hofu, mwili ukafanya kile unachokijua. Ngozi ya hapo ikiwa safi, haina magamba wala kidonda, manyoya yataota, ila hesabu miezi kadhaa. Siku nyingine mbebe kwa viganja viwili, kimoja kifuani na kingine makalioni.

Kosa la maji ni kubwa kidogo. Kitundu kimoja cha nywele kichwani mwako hutoa nywele moja, pengine hadi nne. Kwa chinchila kitundu kimoja hutoa 50 na zaidi. Mvua ikinyesha kwao ni kidogo na hukauka upesi, hivyo manyoya hayo hayakuumbwa kwa ajili ya kulowa. Yakilowa hadi ndani, juu yanaonekana yamekauka huku kwenye ngozi kumebaki unyevu, na hapo fangasi hupata makazi. Harufu unayoisikia inanitia wasiwasi. Mpekue taratibu kwenye mwanga, hasa puani, kuzunguka macho, na kwenye miguu. Ukiona duara lisilo na manyoya lenye magamba, hiyo ni choa, inaambukiza watu, na mwanao asimkumbatie mpaka aonekane na daktari.

Porini hujiogesha kwa kugaagaa kwenye vumbi laini sana, ambalo hunyonya mafuta na unyevu kwenye manyoya. Nyumbani ni vivyo hivyo: bakuli lenye vumbi la vidole viwili hivi kwenda chini, dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa wiki, na wakati huu wa unyevu hata kila siku kwa muda mpaka manyoya yaachane. Tafadhali usimpe mchanga wa mtoni, unakata nywele. Usimpe majivu ya jikoni, yakikutana na unyevu huchoma ngozi. Poda ya mtoto huingia kwenye mapafu. Kuna mtu aliniuliza kuhusu majivu ya Ol Doinyo Lengai, kwa kuwa chinchila wanasifika kwa kuoga majivu ya volkano. Wazo zuri, mlima usio sahihi: Lengai hutoa lava ya magadi, hakuna nyingine kama hiyo duniani, na magadi si ya kupaka kiumbe chochote. Cha kuchekesha ni kwamba vumbi linalouzwa Ulaya kwa ajili ya chinchila mara nyingi ni sepioliti, madini yaleyale ya jiwe jeupe jepesi lililokuwa likichimbwa Sinya, huko Longido, kutengenezea viko. Sikutumi ukasage mawe. Waandikie waliokuwa mabosi wako wakuelekeze walikuwa wanapata wapi vumbi lao. Kopo moja huenda mbali ukilichekecha na kulitumia tena.

Kuhusu chakula, jirani yako ana nia njema na ana uzoefu, ila uzoefu wake ni wa simbilisi. Simbilisi asili yake ni Andes hiyohiyo, lakini amekaa na watu kwa maelfu ya miaka, jikoni, anakula maganda na majani. Zaidi ya hapo simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C, ni lazima ale kibichi. Chinchila hana shida hiyo. Tena yeye hakuletwa kwa watu kwa ajili ya kufugwa jikoni, aliwindwa kwa ajili ya manyoya hadi karibu aishe. Mwaka 1910 Chile, Argentina, Bolivia na Peru zilikubaliana kuuzuia uwindaji huo. Mwaka 1923 mhandisi wa migodi Mmarekani, Mathias Chapman, alisafirisha chinchila 11 kutoka Chile kwenda California, na inasimuliwa kwamba melini waliwekewa barafu wasife kwa joto. Chinchila wengi wa majumbani leo ni uzao wa hao wachache. Yaani ni miaka 100 tu ya vizimba. Kwa upande wa tumbo, mnyama huyu hajafugwa bado, amefungiwa.

Tumbo hilo liliumbwa kwa nyasi kavu, magome na majani magumu yasiyo na utamu. Chakula kinapita haraka hadi kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, na humo kuna bakteria wanaochachua nyuzinyuzi kidogokidogo. Ukimimina ndizi mbivu humo, bakteria wengine wanafanya sherehe, gesi inajaa, na chinchila hawezi kutapika. Ndiyo maana kinyesi kimelainika. Kinyesi chake cha kawaida ni punje ngumu, kavu, ndefu kidogo kuliko mchele. Siku hizi chache mpe nyasi kavu tu na maji safi. Ukienda kwa wauza malisho uliza hei ya Boma Rhodes. Iwe ya kijani iliyofifia, inukie kama shamba baada ya kufyekwa, isiwe na vumbi jeusi wala harufu ya godoro lililolowa. Iwepo mbele yake saa zote. Luseni, lile jani la malisho la jamii ya kunde, mpe kwa nadra, ina kalsiamu nyingi na huleta mawe kwenye kibofu. Chakula cha punje za nyasi zilizosagwa na kushindiliwa (pellets), kama walikuachia, vijiko viwili vya mezani kwa siku vinatosha. Kikiisha, usikimbilie chakula cha kuku wala pumba za mahindi: dawa zinazochanganywa humo hazikukusudiwa yeye, na pumba zilizokaa vibaya hubeba sumukuvu, ambayo ini la chinchila halihimili kabisa. Na tawi la mpera lisilopuliziwa dawa ni zawadi bora kuliko ndizi.

Haya, Kibosho.

Kibosho ina baridi anayoitaka na unyevu asioutaka. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro kule juu hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na msituni zaidi ya 2,000. Linganisha na zile 200 za Illapel. Masika yanakuja Machi. Wewe mwenyewe unajua, ukungu unaingia hadi chumbani na shati lililoanikwa Jumatatu linavaliwa Alhamisi likiwa bado na ubichi. Kama shati halikauki, manyoya yale hayatakauka, na hei itaota kuvu.

Hata hivyo, ungenibana nichague wiki hii, kati ya chumba cha bati Pasua na kwa mama mkwe, ningesema apande Kibosho. Joto huua kwa saa, unyevu huchukua wiki, na wiki zinakupa nafasi ya kujipanga. Ila si Kibosho yoyote. Kiwe chumba chenye sakafu ya saruji na dari, si jikoni penye moshi wa kuni, si bandani na mbuzi, wala si karibu na simbilisi au sungura, ambao huweza kumwambukiza vijidudu vya mapafu ambavyo wao havionekani kuwasumbua. Kizimba kisigusane na ukuta unaolowa. Asafirishwe alfajiri kabla jua halijachomoza, kwenye kapu lenye matundu, bila khanga. Na mama mkwe ni mama, atataka kumlisha. Mweleze kwa heshima kwamba mgeni huyu anakula nyasi kavu tu, na hasa majani ya mparachichi na ya mgomba yasimkaribie. La parachichi ni sumu hasa, si tahadhari tu. Ukungu wa masika ukizidi, mrudishe. Ikifika Juni hadi Agosti Pasua yenyewe inakuwa na ubaridi na ukavu anaoweza kuuvumilia.

Mkiamua abaki Pasua, linalofaa kweli ni kiyoyozi, kwa sababu kinapunguza joto na kinakausha hewa kwa pamoja. Najua bili yake. Bila kiyoyozi, chumba cha upande usiopigwa jua, pazia zito, dari hata ya ubao, na chupa mbili za maji yaliyoganda zilizofungwa taulo zikae pembeni mwa kizimba, zikipokezana na nyingine mbili frijini, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kila siku. Uliza nafsi yako kama kuna mtu wa kuzibadilisha ukiwa kazini, na umeme ukikatika mnafanyaje. Mnyama huyu huishi miaka 10 hadi 20, wako ana minne. Kama jibu la kweli ni hapana, kumtafutia mtu mwenye chumba cha ubaridi na muda si kumsaliti yule mtoto. Ningemwambia ukweli huohuo hata mwanangu.

Mpeleke kwa daktari ana kwa ana, bila kungoja kesho, ikipita nusu siku hajala au hajatoa kinyesi, tumbo likiwa gumu kama ngoma, kinyesi kikiwa cha maji kabisa, au akikojoa damu. Kwa kuwa ni dume, daktari amwangalie pia uume, maana nywele huweza kujizungusha hapo kama pete na kubana. Piga simu kabla ya kwenda, na useme neno moja hata kama unaona haya kumfundisha daktari: asipewe penisilini wala amoksilini ya kunywa. Dawa hizo, tunazozitoa kila siku kwa wanyama wengine, huua bakteria wema wa tumbo lile, wabaya wakabaki peke yao, na mnyama hufa kwa sumu yao baada ya siku chache huku mwenyewe akidhani dawa haikufanya kazi. Zipo zinazomfaa, daktari atachagua. Kwa sababu hiyohiyo, usimnunulie chochote duka la dawa, hata ukishauriwa na mtu mwenye koti jeupe.

Nunua au azima mzani wa jikoni. Mpime kila Jumamosi jioni ndani ya bakuli na uandike gramu kwenye kalenda ukutani. Chinchila mgonjwa huficha, kwani porini anayeonekana dhaifu ndiye anayeliwa, na mzani utajua kabla yako. Mkubwa kama wako huwa kati ya gramu 400 na 600. Akipoteza gramu 40 au 50 ndani ya wiki moja, nipigie au mpeleke kwa aliye karibu nawe.

Na meno. Meno ya mbele ya chinchila mzima yanatakiwa yawe ya njano inayoelekea chungwa. Ni rangi ya jino imara, si uchafu. Meno yake yote 20 huota maisha yake yote, kwa kuwa kwao alikuwa akiyasaga kwa magome na nyasi ngumu. Ndiyo sababu nyingine ya kumtoa kwenye ndizi: chakula laini hakisagi kitu, meno ya nyuma yanarefuka hadi kuchoma shavu. Akija kuhamia huku kwetu Arusha, asinyweshwe maji ya visima vya upande wa Meru yenye floridi nyingi, maana jino linaloota kila siku huikusanya kila siku. Mswaki muachie mwanao. Meno yakianza kuwa meupe, au ukaona kidevu kimelowa na anashika chakula kisha anakiangusha, hapo ndipo mlete.